Kalibu Kwanza, Kaboni Baadaye

Ukitoka uwanja wa ndege wa Mavivi na kushika barabara ya Beni hadi Butembo, utapishana na Noah na Fuso zilizoshushwa Mombasa, zikavuka mpaka wa Kasindi, usukani ungali kulia, na bodi zimenyooshwa mara nyingi kuliko mwenye gari anavyokumbuka. Fundi hugonga bati, huchomea kiraka, hupaka rangi. Kazi yake haidai kalibu. Bodi ya nyuzi za kaboni haitoki bila kalibu, na humo ndimo fedha huzama.

Wengi huhofia bei ya kile kitambaa cheusi. Ni ghali, lakini hununuliwa kwa mita. Kalibu hulipiwa yote kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Ndiyo maana historia ya bodi zisizo za chuma, tangu mwanzo, ni historia ya watu waliokuwa wakikwepa gharama hiyo.

Mitambo ya kukandamiza bati ilistahili kwa kiwanda kinachouza magari kwa maelfu. Mwenye kutaka mia tatu alikwama. Mwaka 1951 huko California, Bill Tritt, fundi wa mashua za fibaglasi, alihamishia ujuzi wake kwenye gari dogo, Glasspar G2. Mwaka 1953 General Motors ilitengeneza Corvette za kwanza 300 kwa fibaglasi. Uingereza, mwaka 1957, Colin Chapman alionyesha Lotus Elite, ambayo fibaglasi yake haikuwa ganda tu bali ndiyo mwili uliobeba mzigo. Bodi zake za mwanzo zilitoka kwa waunda mashua. Si ajabu: wao walikuwa wamezoea kalibu kubwa za bei ndogo.

Aliyewahi kutazama sufuria za alumini zikimiminwa anajua nusu ya kazi hii. Sufuria ya mfano hushindiliwa mchanga, hutolewa, na uwazi unaobaki huzaa sufuria mpya. Ila kalibu ya mchanga huvunjwa kila mara, na ya boneti inatakiwa izae tena na tena.

Njia nafuu kuliko zote ni kuifanya boneti nzima, isiyo na kovu, iwe kielelezo. Hupigwa nta mara kadhaa, hupakwa rezini nzito ya uso, kisha hulazwa mikeka ya fibaglasi tabaka kwa tabaka. Hapo haraka huharibu kila kitu. Rezini ya poliesta ikiganda husinyaa kwa asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wake, na tabaka nyingi zikiwekwa kwa mkupuo mmoja huchemka zenyewe na kupinda. Mgongoni hufungwa fremu ya mbao kabla kalibu haijabanduliwa. Umbo lenye kona za kuingia ndani hugawanywa kalibu mbili au tatu za kufungwa kwa bolti, maana kilichogandia ndani ya kona hakitoki ila kwa nyundo. Kama gari lenyewe bado ni wazo, kielelezo huchongwa kwa povu, mbao na jasi, na sehemu kubwa ya kazi huishia kwenye msasa.

Kaboni ilikuja na masharti mapya. Watafiti wa Farnborough, Uingereza, walipata nyuzi zake imara miaka ya 1960, lakini mbio za Formula 1 zilisubiri mwili mzima wa kaboni hadi 1981, John Barnard alipoiundia McLaren gari la MP4/1. Utaalamu aliukuta Hercules, kampuni ya Marekani iliyohudumia sekta ya anga. Kaboni ya namna hiyo hupikwa kwa joto na shinikizo, na joto huchagua kalibu: alumini ya mita 1.5 ikipashwa nyuzijoto 100 zaidi hurefuka milimita 3 na ushei, ilhali kaboni karibu haisogei. Kwa hiyo kalibu nayo ikawa ya kaboni, na bei ikapanda. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, alifikisha ujenzi huo barabarani kwa McLaren F1 ya 1992, gari ambalo bei yake haifai kutajwa Butembo.

Kwetu Afrika Mashariki kiu ilikuwa ile ile ya magari machache. Nyayo Pioneer ya Kenya, iliyoanza kwa agizo la Rais Moi mwaka 1986, ilionyeshwa 1990 na haikufika sokoni. Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, mwaka 2011.

Unafuu ulirudi kwa njia ya hewa. Mwaka 1990 Bill Seemann wa Marekani alipata hataza ya kulaza nyuzi kavu kwenye kalibu, kuzifunika kwa plastiki, kunyonya hewa na kuiacha rezini ijivute yenyewe. Mafundi wasio na fedha hunyonya kwa kompresa ya friji kuukuu, na kalibu ya fibaglasi hutosha, kwa kuwa rezini huganda bila tanuri.

Anayebana kipande, basi, ni uzito wa anga. Mombasa ni kama tani 10 kwa kila mita ya mraba. Mavivi, karibu mita 1,100 juu ya bahari, ni tani 9. Butembo, juu ya mita 1,700, hubaki tani 8 na kidogo hata kwa pampu bora. Kwa boneti ya Noah, zinatosha.