Bao la Jiwe la Tabaka
Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, hapana kazi ya mkono iliyovuma duniani kuushinda uchongaji wa jiwe la sabuni wa Tabaka, jiwe ambalo hata kabla ya biashara ya watalii lilikuwa likichongwa viko na vyombo vya nyumbani. Sanaa hiyo ilitukuzwa na Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani ipo katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Walakini ninachotaka kukinena ni chombo kidogo, yaani bao la jiwe.

Mchezo wa bao wenyewe ni wa kale mno, kwani pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo yake yangali yaonekana katika mwamba, basi anayelichonga bao upya hazushi jambo geni. Je, nakala hiyo ya jiwe yastahili fedha? Bao la Kiswahili lina mashimo 32, kete 64 na shimo maalumu liitwalo nyumba, ilhali mabao ya dukani aghalabu yana safu mbili za mashimo sita sita, nayo ni ya mchezo mwingine kabisa. Fauka ya hayo, jiwe ni laini, hukatwa kwa kisu, husuguliwa kwa msasa na maji, kazi ya subira ifanywayo zaidi na wanawake, na likianguka huvunjika.

Nasema yastahili, ewe msomaji, ila hesabu mashimo kwanza, kisha ununue kwa mchongaji mwenyewe, Tabaka.