Britt Assombalonga: mtoto wa Kinshasa aliyebisha mlango wa Premier League

Britt Assombalonga ni mshambuliaji aliyezaliwa Kinshasa tarehe 6 Desemba 1992 na kukomalia mpira London. Timu tatu za Uingereza zilivunja rekodi zao za kununua mchezaji juu yake. Lakini hakuwahi kufunga hata bao moja katika Premier League.

Ili kuelewa jambo hilo, inabidi kujua ngazi za mpira wa Uingereza. Juu kabisa kuna Premier League yenye timu 20. Chini yake iko Championship, kisha League One na League Two, kila moja timu 24. Chini zaidi kuna timu za miji midogo. Huko ndiko Watford, iliyomlea, ilimtuma kwa mkopo: Wealdstone, halafu Braintree. Watford yenyewe ilimpa dakika chache tu.

Msimu wa 2012-13 alikopeshwa tena, safari hii Southend, katika League Two. Alifunga mabao 15 ya ligi, na hapo watu wakaanza kuuliza: huyu ni nani? Julai 2013 Peterborough ya League One ikamnunua kwa bei ambayo haikuwa imelipa kwa mchezaji yeyote. Msimu mmoja tu, mabao 23 ya ligi, na penalti moja uwanjani Wembley siku Peterborough ilipoipiga Chesterfield 3-1 na kubeba kombe la timu za divisheni za chini, Machi 2014.

Nottingham Forest wakaja na pesa zao, rekodi nyingine. Alikuwa amefikisha mabao 15 katika Championship pale goti lilipovunjika Februari 2015, kwenye mechi ya Brighton. Alikaa nje zaidi ya mwaka mzima. Kwa mshambuliaji anayeishi kwa mbio na nguvu ya miguu, goti ni mtaji wake wote.

Alirudi. Na deni lake kwa Forest alililipa tarehe 7 Mei 2017, siku ya mwisho ya msimu, timu ikiwa ukingoni kushuka League One. Forest waliifunga Ipswich 3-0, mawili yakiwa yake. Walimaliza na pointi sawa na Blackburn. Blackburn wakashuka kwa tofauti ya mabao tu. Wengine husahau siku kama hizo kwa sababu hakuna kombe linalotolewa, lakini muulize mtu wa Nottingham.

Miezi miwili baadaye Middlesbrough, waliokuwa wametoka kushuka Premier League na kutaka kurudi mbio mbio, walimlipia pauni milioni 15. Hapo ndipo mlango ulikuwa karibu zaidi. Mwaka wa 2018 walifika mechi za mchujo, Aston Villa wakawatoa kwa bao moja tu katika mechi mbili. Mwaka uliofuata wakakosa mchujo kwa pointi moja. Yeye alifunga 15, kisha 14, halafu 11. Mwisho akavaa kitambaa cha kapteni, lakini timu ilikuwa imeshapoa, na mwaka wa 2021 mkataba ukaisha.

Kwa upande wa Léopards, aliitika mwito wa inchi alikozaliwa. Kwenye CAN 2019 nchini Misri, baada ya kupigwa 2-0 na Uganda na tena 2-0 na Misri, Congo iliifunga Zimbabwe 4-0. Bao la nne lilikuwa la Assombalonga. Ushindi huo ulitupeleka hatua ya 16, ambako Madagascar ilitutoa kwa penalti.

Kutoka Middlesbrough alienda Adana Demirspor ya Uturuki. Januari 2023 akarudi Watford kumalizia msimu, nao wakati huo walikuwa Championship.