Kahuzi-Biega: mlima, gorila, na safari ya mtu wa Kindu

Mkaaji wa Kindu akisikia habari ya kwenda kutazama gorila, mara nyingi anafikiri ni mambo ya wazungu wanaoshukia Rwanda ao Uganda. Lakini mahali pa kwanza ambapo watalii walipelekwa kwa miguu mbele ya gorila waliozoeshwa watu ni huku kwetu, kwenye mlima Kahuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega inajulikana kama mali ya Kivu Kusini, lakini pori lake la chini linashuka magharibi kuelekea Maniema. Kwa hiyo mtu wa Punia ao wa Pangi si mgeni kabisa kwa habari hizi.

Jina linatoka kwa milima miwili ya volkeno iliyozimika zamani: Kahuzi, mita 3,308, na Biega, mita 2,790. Mbuga iliundwa mwaka 1970, na aliyeisukuma sana kazi hiyo ni Adrien Deschryver, Mbelgiji. Mwanzoni ilikuwa kilometa za mraba 600 tu, zote za mlimani. Mwaka 1975 ikaongezwa hadi 6,000, ndiyo mara kumi, ikachukua misitu mikubwa ya chini. Sehemu hizo mbili zinashikana kwa ukanda mwembamba, na ukanda huo ndio kidonda: mashamba na ng'ombe vimeingia humo, hata mnyama hana tena njia ya kupita vizuri toka juu mpaka chini. UNESCO iliandika mbuga hii kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu 1997 iko kwenye liste ya urithi ulio hatarini.

Gorila wa Kahuzi si yule wa Virunga. Wataalamu wanamwita gorila wa Grauer, ao gorila wa tambarare ya mashariki, na duniani kote anaishi Kongo tu. Jina la tambarare lisikudanganye: wale wanaotembelewa wanaishi juu ya mita 2,000, kwenye baridi na mianzi. Dume mzima, mwenye mgongo mweupe, anaweza kufika kilo 200. Jike anazaa mtoto mmoja, na kwa kawaida miaka kama mine inapita mbele ya kuzaa mwingine. Ndiyo sababu familia ikipigwa risasi siku moja, kuirudisha kunachukua miaka mingi.

Watu wa Maniema wana hadithi yao na wanyama hawa. David Livingstone, alipokaa Bambarre, upande wa Kabambare ya leo, mwaka 1870 na 1871, aliandika sana juu ya mnyama ambaye wenyeji walimwita "soko". Kwanza alifikiri ni gorila. Wengi waliosoma maandiko yake baadaye wanaona alikuwa sokwe mtu, na kweli sokwe mtu yuko pia Kahuzi-Biega.

Ziara inaanzia Tshivanga, kilometa karibu 30 kutoka Bukavu. Wafuata nyayo wanatangulia asubuhi mpaka mahali familia ililala, kwa sababu gorila anajenga kitanda kipya cha majani kila jioni. Toka hapo wanafuata mavi, miti iliyovunjwa na maganda ya mianzi. Unaweza kutembea saa moja tu, unaweza kutembea mchana mzima. Hakuna anayeweza kukuahidi. Vaa bote, suruali ndefu na koti la mvua, maana majani ya kuwasha ni mengi na mvua haitoi taarifa. Mbele ya gorila mnakaa saa moja, kundi dogo, kwa umbali wa mita kadhaa, mdomo na pua vimefunikwa. Mwenye mafua anabaki. Wengine wanaona hiyo ni ukali wa bure, lakini gorila anashika magonjwa yetu, na mafua yako ya siku tatu yanaweza kumuua. Dume akikujia mbio, usikimbie: inama, tazama chini, sikiliza mlinzi.

Huko pia watu wamemfahamu Mugaruka, dume aliyepoteza kiganja kwa mtego wa waya. Aliyetega hakumtaka gorila, alitaka swala. Waya hauchagui.

Risasi ndiyo imeua zaidi. Mwaka 1993 wawindaji walimuua Maheshe, dume aliyekuwa anajulikana kuliko wote. Kisha vita. Sensa ya 1996 ilihesabu gorila karibu 245 kwenye sehemu ya mlimani. Ile ya mwaka 2000 ilikuta karibu 130. Tembo wa mlimani walimalizika karibu wote. Bei ya koltani ilipopanda miaka hiyo, wachimbaji walijaa kwenye misitu ya chini, na walikula nini? Nyama ya pori.

Lakini kuna deni lingine, na si la wanyama. Batwa walikuwa wakaaji wa msitu huu mbele ya mbuga. Walifukuzwa miaka ya 1970 bila ardhi ya kubadilisha, na wengi wakabaki maskini pembeni ya msitu wao wenyewe. Mwaka 2018 baadhi walirudi ndani kwa nguvu, na watu wakafa pande zote, Batwa na walinzi. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitoka wazi: Serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Mgeni anayepiga picha Tshivanga anakanyaga ardhi yenye kesi hiyo.

Na safari yenyewe? Toka Kindu, barabara ya kwenda Bukavu ni ya mateso, na wenye uwezo walikuwa wanachukua ndege. Mwezi wa pili 2025 M23 iliingia Kavumu, penye kiwanja cha ndege pembeni kabisa ya mbuga, kisha Bukavu. Usifunge mizigo kwa sababu mtu fulani amekuambia njia imetulia. Uliza kwanza ICCN na watu wanaoishi huko.

Mwenye hamu ya pori bila kungoja mlima akumbuke kwamba Maniema ina sehemu yake ya Mbuga ya Lomami, iliyoundwa 2016 kati ya jimbo letu na Tshopo. Huko hakuna volkeno wala gorila. Kuna bonobo, okapi, na lesula, nyani mwenye uso kama wa mtu, ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2012 tu, wakati wawindaji wa kando ya Lomami walikuwa wanamjua tangu zamani.