Kupunguza ulaji wa mafuta wa pikapu

Kupunguza ulaji wa mafuta wa pikapu ni marekebisho yanayofanywa kwenye gari dogo la mizigo lenye bodi wazi nyuma ili liende kilomita nyingi zaidi kwa kila lita ya petroli au dizeli. Marekebisho hayo huhusu umbo la nje, matairi, uzito, injini na namna ya kuendesha.

Historia

Suala hili lilipata uzito nchini Marekani baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973. Mwaka 1974 serikali iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa (takriban kilomita 89) ili kuokoa mafuta. Katika miaka hiyo mhandisi Edwin Saltzman wa NASA na wenzake, huko California, walilifunika gari aina ya van kwa bati za alumini hadi likawa kama sanduku. Kisha waliviringisha pembe zake hatua kwa hatua na kupima ukinzani wa hewa. Kuviringisha pembe za mbele kulipunguza ukinzani huo kwa kiasi kikubwa.

Ukinzani wa hewa

Nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu hiyo huongezeka kwa takriban 56%. Kwa sababu hiyo, kupunguza mwendo kwenye barabara kuu huokoa mafuta bila gharama yoyote.

Pikapu ina tatizo la pekee: hewa inayopita juu ya kabini huangukia ndani ya bodi wazi. Madereva wengi huamini kwamba kushusha mlango wa nyuma wa bodi hupunguza ukinzani. Kwa kawaida sivyo. Mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi kama mto, na hewa nyingine hupita juu yake. Mlango ukishushwa, mzunguko huo huvurugika.

Kifuniko bapa juu ya bodi huleta nafuu ndogo. Kifuniko kinachoteremka taratibu kutoka paa la kabini hadi mlango wa nyuma hufanya kazi vizuri zaidi, lakini hupunguza nafasi ya mizigo mirefu. Kuondoa keria isiyotumika pia husaidia. Baadhi ya watu hufunga kizuizi cha hewa chini ya bampa la mbele; kwenye barabara mbovu hugonga mawe na matuta. Wengine huziba sehemu ya matundu ya mbele, jambo linaloweza kuchemsha injini hasa penye joto au mlima.

Matairi na uzito

Kwa makadirio ya serikali ya Marekani, kila upungufu wa psi 1 katika upepo wa matairi yote manne huongeza ulaji wa mafuta kwa takriban 0.2%. Kujaza upepo kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi ni hatari. Mzigo usio na kazi hugharimu zaidi mjini, ambako gari husimama na kuondoka mara nyingi.

Injini na udereva

Katika injini nyingi za kisasa, dereva akiachia pedali ya mafuta huku gia ikiwa ndani, mafuta hukatwa yenyewe. Kuteremka mlima kwa gia huru hakukati mafuta hivyo, na huondoa msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Kuzima injini gari likiwa kwenye mwendo ni hatari zaidi, kwa kuwa breki na usukani huwa vizito.

Vifaa vya kuongeza kwenye injini

Sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangi na vifaa vya kuzungusha hewa huuzwa kwa ahadi kubwa. Shirika la serikali ya Marekani la ulinzi wa mazingira, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na kukuta vichache sana vyenye faida yoyote.

Kupima matokeo

Njia rahisi ni kujaza tangi, kuendesha, kujaza tena na kugawanya kilomita kwa lita. Tangi moja halitoshi, kwani upepo, mzigo na foleni hubadilika. Ukubwa wa matairi ukibadilishwa, kipima kilomita hakitasoma sawasawa.

Magari yanayokula mafuta mengi ndiyo hunufaika zaidi. Kwa safari ya kilomita 1,000, pikapu inayotoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita huokoa lita 25. Gari dogo linalotoka kilomita 15 hadi 20 kwa lita huokoa takriban lita 17 tu, ingawa kwa kuangalia tarakimu huonekana limeboreshwa zaidi.