=ALEA() ilitoka wapi? Historia fupi ya namba za bahati, toka shambani mpaka kwenye kompyuta

Wengi wetu tuliosoma agronomia tunaijua ile =ALEA() ya Excel. Unaiandika, inakutolea desimali kati ya 0 na 1, unapanga vipande vya shamba kufuata hizo namba, kisha katika memwari unaandika « mpangilio ulifanywa kwa bahati ». Mwenye kusahihisha anapita. Lakini hiyo namba inatoka wapi? Historia yake inapita shambani kwanza.

Mwaka 1919 Ronald Fisher aliingia kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza. Shida aliyoikuta kule ni ileile ya Kivu ao Katanga: udongo haufanani. Ukiweka mbolea A bondeni na mbolea B kwenye kilima, mavuno yakitofautiana, utajuaje kama ni mbolea ao ni udongo? Na ukichagua kwa macho, mkono utaenda wenyewe kwenye udongo mzuri. Mwaka 1926 Fisher aliandika kwamba nafasi zipigiwe kura, ndani ya kila bloki. Si wote walikubali. William Gosset, yule wa jaribio la t, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, alishikilia kwamba mpangilio wenye usawa, uliofikiriwa vizuri, unafaa kuliko kura. Mimi naona Gosset hakusema upuuzi: kura inaweza kutupa mbolea ileile kwenye pembe moja yenye maji, na bloki zinapunguza tu hiyo hatari. Lakini kura iko na kitu kimoja ambacho akili ya mtafiti haina. Hakuna anayeweza kusema ulipendelea.

Sasa, kura unaitoa wapi? Kwa vipande 20, vikaratasi ndani ya kofia vinatosha. Kwa 2 000 unachoka. Njo maana mwaka 1927 Tippett alichapa kitabu cha tarakimu 41 600 alizozitoa kwenye ripoti za sensa ya Uingereza. Fisher na Yates walitoa meza yao mwaka 1938. Mwaka 1955 shirika la RAND, Marekani, likachapa tarakimu milioni moja zilizotoka kwenye mashini ya umeme. Na hata hiyo mashini ilionyesha upendeleo kidogo, ikabidi wachanganye tarakimu tena kabla ya kuchapa!

Kompyuta za kwanza hazikuwa na kumbukumbu ya kubeba kitabu kama hicho. John von Neumann akapendekeza kompyuta ijitengenezee namba yenyewe: chukua namba ya tarakimu nne, izidishe kwa yenyewe, kata zile nne za katikati. Tuanze na 1234. Mara yenyewe ni 01522756, katikati ni 5227. Hiyo inazaa 3215, kisha 3362. Weka sifuri na virgule mbele: 0,5227, 0,3215, 0,3362. Zinaonekana kama bahati kweli. Sasa jaribu 2500: inatoa 06250000, katikati 2500, tena 2500, mpaka kesho. Von Neumann mwenyewe alijua hatari hiyo, hata akatania kwamba kutafuta bahati kwa njia ya hesabu ni dhambi.

Derrick Lehmer akaleta njia nyingine kwa kompyuta ENIAC: zidisha namba kwa 23, gawa kwa 100 000 001, baki ndiyo namba inayofuata. Ukitaka desimali, gawa hilo baki tena kwa 100 000 001. Yaani desimali haizaliwi desimali. Inazaliwa namba nzima, kisha inagawanywa ili ikae kati ya 0 na 1. Mpaka leo programu nyingi zinafanya vile.

Miaka ya 1960 IBM ilisambaza programu ya familia hiyo, RANDU: zidisha kwa 65 539, baki ya 2 147 483 648. Ilitumika mahali pengi. Ukitazama desimali zake moja moja, hakuna shida. Lakini ukizichukua tatu tatu kama nukta ndani ya chumba, zote zinalala kwenye tabaka 15 tu. Ni kama shamba unalodhani mbegu zilirushwa kwa mkono, halafu unasimama pembeni na kuona mistari. George Marsaglia alionyesha mwaka 1968 kwamba ugonjwa huo uko kwa familia nzima, isipokuwa zingine zina tabaka nyingi kuliko zingine. RANDU ilikuwa na chache mno. Excel nayo haikuokoka: toleo la 2003 lilifikia kutoa namba chini ya sifuri, mpaka likarekebishwa.

Leo R inatumia Mersenne Twister ya Wajapani Matsumoto na Nishimura, ya mwaka 1998. Ni nzuri, lakini nayo inahesabu tu. Ukiipa namba ileile ya kuanzia, ambayo watu wa informatike wanaiita mbegu (neno letu!), inarudisha mfuatano uleule.

Na hapa njo ninataka tuangalie memwari zetu. Kwenye Excel ukibonyeza F9, ALEA inapiga kura upya na ile ya kwanza inafutika. Mtu anaweza kubonyeza mara kumi mpaka mbolea yake ianguke kwenye udongo mweusi, kisha aandike « kwa bahati », na hakuna alama inayobaki. Ni lile jicho ambalo Fisher alilikataa, limerudi kupitia kidole. Kwenye R unaandika set.seed(412) kabla ya kupiga kura, unaweka hiyo 412 ndani ya memwari, na yeyote anaweza kurudia kura yako na kuona. Andika pia toleo la R, ju toka 3.6.0, mwaka 2019, sample() ilibadilishwa namna ya kutoka kwenye desimali kwenda kwenye namba nzima: mbegu ileile kwenye toleo la zamani inaweza kukupa mpangilio mwingine.