Kiberiti cha gesi cha kujaza: Cha kuangalia kabla hujanunua, na kwa nini usikijaze kwa mtungi wa jikoni

Ubaruku, wilayani Mbarali, upepo wa bonde la Usangu ukianza kuvuma wakati wa kiangazi, kuwasha sigara kwa njiti ni kazi. Njiti tatu zinaisha na sigara bado. Kiberiti cha gesi cha kawaida, chenye mwali wa njano, nacho kinazimika ukisogea tu nje ya kibaraza. Ndipo watu wanapokitamani kile kingine: kinachotoa moto wa bluu, mwembamba, unaotoka kwa kasi na sauti kama wa fundi wa kuchomelea.

Kifaa hiki ni kizuri, lakini kina masharti yake. Asiyeyajua hununua viwili au vitatu kwa mwaka, na wengine huishia kuungua mkono.

Kwanza, kinavyofanya kazi. Ndani kuna gesi ya buteni iliyoshindiliwa mpaka ikawa majimaji. Ukibonyeza, vali inafunguka na gesi inapita kwenye tundu dogo kuliko la sindano. Ikitoka kwa kasi hiyo inavuta hewa kupitia vitundu vya pembeni, inachanganyika nayo, halafu cheche inawasha. Cheche hiyo haitoki kwenye jiwe la kusugua. Inatoka kwenye kipande kidogo kinachogongwa na springi na kuzalisha umeme wa maelfu ya volti, ule mlio wa "tak" unaousikia. Kwa kuwa gesi imekwisha kuchanganyika na hewa kabla ya kuwaka, moto unakuwa wa bluu, hauna masizi, na joto lake linapita nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Joto hilo ndilo la kuliheshimu. Kwa sigara ya kawaida, moto wa namna hii ni mkubwa kupita kiasi. Ukiuingiza kwenye sigara, karatasi inaungua upande mmoja na tumbaku inakuwa chungu. Uweke mbali kidogo, sentimita moja au mbili, ncha ya moto iguse tu. Unafaa zaidi kwa sigara nene za kusokota. Na mvutaji wa ndani ya nyumba, mahali pasipo na upepo, kusema kweli hana sababu ya kuingia gharama hii.

Dukani, angalia chini ya kiberiti kabla ya kuangalia urembo wake. Cha kujaza kina vali ndogo ya chuma yenye kitundu katikati, na pembeni yake kuna skrubu yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kama hakuna vali, hicho ni cha kutumia na kutupa, hata kama muuzaji anaapa. Chagua chenye kidirisha cha kuonyesha gesi iliyobaki, na chenye kifuniko kinachoziba mdomo wa moto. Kwa mtu wa Ubaruku kifuniko si pambo. Vumbi la barabarani na vumbi la pumba kutoka kwenye mashine za kukoboa mpunga vikiingia kwenye lile tundu, umekwisha.

Kuna vya mdomo mmoja, miwili, hata mitatu. Wengi hukimbilia cha mitatu kwa sababu ya sifa. Kinakula gesi haraka, na kina matundu matatu ya kuziba badala ya moja. Chukua cha mmoja.

Tafuta pia maandishi ya ISO 9994 kwenye boksi. Hicho ni kiwango cha kimataifa cha usalama wa viberiti vya gesi. Kinataka kiberiti kivumilie kuangushwa kutoka mita 1.5, kikae kwenye joto la nyuzi 65 kwa saa nne bila kupasuka, na gesi yake isizidi asilimia 85 ya nafasi ya ndani. Nafasi inayobaki ni ya gesi kutanuka joto likipanda. Maandishi yanaweza kughushiwa, ni kweli, ila boksi lisilo na maandishi yoyote linakuambia kitu pia.

Sasa suala la kujaza, ambalo ndilo lenye hatari kubwa.

Mtungi wa gesi ya kupikia hauna buteni peke yake. Una mchanganyiko wa propeni na buteni, na propeni kwenye joto la kawaida la chumba ina msukumo wa karibu mara nne ya ule wa buteni. Kiberiti hakikutengenezwa kubeba msukumo huo. Mtu anayeunga mpira kutoka kwenye mtungi wa jikoni ili "kuokoa hela" anatengeneza kitu kinachoweza kuvuja mfukoni au kupasuka kikiwa karibu na uso. Tumia kopo dogo la gesi ya viberiti lililoandikwa hivyo. Ukilikosa dukani kwa jirani, agiza kwa mtu anayekwenda Mbeya mjini.

Jazia nje. Buteni ni nzito kuliko hewa, inashuka chini na kutambaa sakafuni mpaka ilipo jiko la mkaa. Kwa hiyo si jikoni, si ndani ya stoo ya magunia, na si pembeni ya bodaboda inayotiwa mafuta. Acha kiberiti kipoe kama kilikuwa kinatumika. Geuza skrubu upande wa kutoa mpaka mwisho, kisha bonyeza vali kwa bisibisi ndogo kama ya fundi simu, mpaka usisikie "sss" tena. Hatua hii watu wengi wanairuka, halafu wanalalamika kiberiti hakijai. Kinachozuia ni hewa iliyobaki ndani.

Baada ya hapo pindua kiberiti, vali iangalie juu. Pindua na kopo, mdomo wake uangalie chini, usimame wima kwenye vali. Sukuma kwa nguvu moja, sekunde tano hivi, basi. Gesi ikianza kurudi na kurusha rusha pembeni, kimejaa, acha. Mkono utasikia baridi kali, ni kawaida. Kiweke chini dakika tano, gesi iliyomwagika ipotee na ya ndani ipate joto, ndipo uwashe, kikiwa mbali na uso na nywele. Moto uongeze kidogo kidogo kwa skrubu.

Kikigoma, sikiliza. Ukisikia gesi lakini hakuna cheche, safisha sehemu ya cheche kwa mswaki mkavu. Cheche ipo na gesi haisikiki, tundu limeziba: lipulize kwa pampu ya baiskeli au kipulizio cha fundi simu. Usiingize sindano, itatanua tundu na moto hautakaa sawa tena. Kikiwaka na kuzimika papo hapo, mara nyingi skrubu imefunguliwa mno, ipunguze.

Wakati mwingine kiberiti ni kizima, tatizo ni baridi. Buteni huacha kugeuka gesi ikifika karibu nyuzi sifuri. Ubaruku hilo halipo, lakini anayepanda kwenda Makete au Kitulo mwezi wa 6 au wa 7, kwenye baridi ya kuleta barafu majanini, atabonyeza mpaka achoke. Kishike kiganjani dakika chache au kiweke mfuko wa ndani. Usikipashe motoni, na wapo wanaofanya hivyo.

Upande wa pili, usikiache kwenye dashibodi ya gari au trekta juani. Gari lililofungwa linaweza kuzipita zile nyuzi 65. Na usikiwashe mfululizo zaidi ya sekunde kumi, plastiki ya ndani inayeyuka.

Watoto wasikifikie, wala kopo lake. Kunusa buteni kunaweza kusimamisha moyo ghafla, hata kwa mara ya kwanza. Kuhusu sigara zenyewe, sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya wavutaji wasioacha.

Anayesafiri kwa ndege kupitia Songwe asibebe kopo la gesi, si mkononi wala kwenye begi la chini. Kiberiti chenyewe cha moto wa bluu kinaweza kuzuiwa, aulize shirika lake kabla.

Kinachovuja hakitengenezwi. Paka povu la sabuni kwenye vali, ukiona mapovu yanakua, kitoe gesi yote nje na ukitupe. Usikitupe kwenye shimo la taka zinazochomwa, wala kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine, maana pumba zikishika moto huweza kufukuta ndani kwa ndani siku kadhaa bila mtu kuona mwali.