Jiwe la Ajabu la Ufini

Leo tutazungumza habari za jiwe moja lililo mbali sana na kwetu, katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya. Liko ndani ya msitu upande wa Ruokolahti, nalo huitwa Kummakivi, maana yake Jiwe la Ajabu.

Urefu wake ni kadiri ya mita 7. Limekaa juu ya mwamba wenye mgongo wa mviringo, nalo hugusana na mwamba huo mahali padogo tu, hata mgeni alitazamaye mara ya kwanza hudhani kuwa litaporomoka sasa hivi. Walakini akilisukuma kwa nguvu zake zote, halitikisiki. Tangu mwaka 1962 limelindwa kwa sheria.

Watu wa kale wa nchi ile walijiuliza: Ni nani aliyeliweka? Kwa kuwa mikono ya binadamu haiwezi, walisema ni kazi ya majitu. Katika ngano zao majitu hayo, yaitwayo hiisi, yalikuwa yakivurumisha majabali huku na huku. Na Ukristo ulipofika yalichukia sauti ya kengele, yakayatupia makanisa mawe. Tusizicheke ngano hizo upesi. Wazee wale walikwisha kutambua jambo moja la kweli, kwamba jiwe halikuzaliwa hapo lilipo, bali limeletwa. Lililobaki ni kumjua mchukuzi.

Mchukuzi huyo alianza kujulikana katika milima ya Uswisi, ambako pia yako majabali ya namna hiyo. Wataalamu wengi walidhani kuwa yaliletwa na gharika. Mwaka 1815 mwanakijiji mmoja wa Lourtier, jina lake Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa mbuzi wa milimani, alizungumza na Jean de Charpentier, mkuu wa machimbo ya chumvi ya Bex. Alimwambia kuwa barafu ya milimani hapo zamani iliteremka mpaka Martigny, kwani mawe yaliyoko huko ni makubwa mno, maji hayawezi kuyabeba. Charpentier aliliona neno hilo kuwa si la kushikwa.

Baadaye mhandisi Ignaz Venetz alichungua mabonde, akasadiki; ndipo Charpentier naye akasadiki. Mwaka 1836 Louis Agassiz alikwenda Bex akiwa na shaka, akaondoka hana shaka tena. Na mwaka 1837 alitangaza huko Neuchâtel kwamba hapo kale barafu ilifunika sehemu kubwa za dunia. Charpentier alipotoa kitabu chake mwaka 1841, hakumficha yule mwindaji, bali alisimulia jinsi alivyoambiwa naye.

Basi jitu lililobeba Kummakivi ni barafu. Theluji ya miaka mingi hulundikana, hugandamana, kisha kwa uzito wake huteremka polepole, ikichukua mawe ndani yake. Huko Ufini unene wa barafu ulipita kilomita 2. Yapata miaka 12,000 iliyopita iliyeyuka upande ule, ikalitua jiwe taratibu, kama mama atuavyo mtungi wa maji, nalo limekaa vivyo hivyo hata leo.

Wala habari hii si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1893 J. W. Gregory alipanda Mlima Kenya, akaona alama za barafu ya kale chini sana kuliko mahali barafu ilipokuwa siku zile. Tangu hapo barafu ya mlima huo imezidi kupungua, lakini mawe iliyoyabeba yangali mabondeni. Atakayelikuta jabali la peke yake huko, na aulize limetoka wapi. Na kama mchungaji wa mahali pale ana neno la kusema, amsikilize mpaka mwisho. Perraudin alingoja miaka mingi kabla neno lake halijasadikiwa.